Ajuaye bei na asiyejua

Bismillahi Rahmani Rahim.



Fundi mmoja wa redio, tunayesali naye, ametuletea swali ambalo pengine linakuhusu na wewe, hata kama hujashika bisibisi maishani mwako. Alinunua kwa mjane katoni ya piesi za zamani alizoacha marehemu mume wake: lampi za kioo za redio, tranzista, kapasita, nyingi hazijatumika. Alitoa dola 5. Akauza sehemu tu ya mali ile kwa dola 140. Anauliza: faida hii ni halali?

Kwanza tumtendee haki fundi. Piesi ya zamani haina bei iliyoandikwa. Kapasita zenye dawa ya majimaji ndani hukauka zikikaa miaka mingi, hata kama ni mpya. Zile za tantali, madini yatokayo katika koltani ya hapa kwetu Kivu, huvumilia zaidi. Tranzista za kale za jerimaniamu hutafutwa mpaka leo na watengenezaji wa vifaa vya gitaa huko Ulaya na Marekani. Lampi moja si kitu kwa watu elfu, lakini kwa mwenye mashine isiyopata nyingine ni mali kubwa. Kuyajua hayo, kupima moja moja, kungoja mnunuzi: hiyo ni kazi, na ina ujira wake.

Tukamwuliza: mjane hakukuuliza neno? Akanyamaza, kisha akasema: "Aliniuliza kama zina thamani. Nikamwambia ni takataka."

Hapo, ndugu yangu, swali limegeuka. Katika madhehebu yetu ya Shafi, bei kuwa ndogo mno, peke yake, haivunji mauzo. Wahanbali humpa hiyari ya kurudisha yule asiyejua bei aliyemwamini mwenzake. Lakini "takataka" si bei. Ni uongo, na huo ni haramu kwa wote. Mtume (s.a.w.) alikataza kuwalaki wenye bidhaa njiani kabla hawajafika sokoni. Mjane yule soko lake lilikuwa ulimi wa fundi.

Na kama asingeuliza? Hapo sisi wenyewe tulibishana. Imepokewa kwamba Jarir bin Abdillahi (r.a.) alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300, akamwendea muuzaji, akamwambia farasi wako anazidi hapo, akapandisha mpaka 800, kwa kuwa alimwahidi Mtume kumtakia mema kila Mwislamu. Hatusemi kila mnunuzi analazimika hivyo. Ila wewe jiulize ungepandisha mpaka ngapi.

Fundi anataka kujua arudishe kiasi gani. Tumemwambia: toa dola zako 5, nauli, na ujira wa siku ulizopima, kilichobaki kaa na mjane mkihesabu pamoja, umtajie bei kamili uliyouzia. Na piesi zilizosalia zifunguliwe mbele yake. Anaogopa mama yule atamkasirikia. Huenda.

Wabillahi tawfiq.