Je, Kujitayarisha kwa Maswali ni Kudanganya?

Kijana mmoja wa milima ya Mulenge alishuka Uvira, akaja kwangu jioni, karatasi mkononi. Alikuwa ameitwa kuhojiwa katika chuo cha wauguzi. Akaniambia: «Mwalimu, nifundishe maneno ya kuwapendeza wakubwa. Wakiniuliza kwa nini nataka kuuguza, nisemeje?»

Nikamwuliza: «Na kwa kweli, mdogo wangu, wataka kuuguza kwa nini?»

Akatazama chini. «Kwa kweli nataka mshahara, nipate kuwasomesha wadogo zangu. Lakini hilo nitalisemaje?»

Swali hili si dogo. Je, ni halali Mkristo kutayarisha majibu yake mapema, au ni kujivika uso usio wake?

Wengine husema: Bwana Yesu aliwaambia mitume wasihangaike watakachosema. Ni kweli, lakini alinena juu ya siku watakapopelekwa mbele ya mabaraza na maliwali kwa ajili yake. Na Mtakatifu Petro, katika waraka wake wa kwanza, atuagiza tuwe tayari sikuzote kumjibu kila mtu atuulizaye sababu ya tumaini letu, tena kwa upole. Basi kuwa tayari si kosa.

Tazameni wavuvi wetu. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Kwa hiyo nyavu hushonwa mchana. Hakuna amwambiaye mvuvi kwamba amemdanganya mtu kwa kushona wavu. Lakini akitia mawe chini ya kikapu na ndagala juu, amemwibia mnunuzi. Vivyo hivyo, kusoma habari za kazi unayoitaka, kupanga mawazo, kumwomba rafiki akuulize maswali ili ulimi usigande, huko ni kushona wavu. Lakini kusema kwamba wapenda wagonjwa, nawe hujakaa na mgonjwa hata mmoja, hayo ni mawe kikapuni.

Tena hasara haimpati mwongo peke yake. Nafasi za chuo zina hesabu. Aingiaye kwa uwongo amemfungia mwenzake mlango. Na siku moja mgonjwa atalala mbele yake, naye mgonjwa hahitaji maneno mazuri, ahitaji mikono yenye huruma.

Je, ni lazima kusema yote? La. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba uwongo ni dhambi daima, lakini mtu aweza kuificha kweli kwa busara. Kijana aliyekimbia vita hana lazima ya kuwafunulia wageni kila kidonda cha nyumba yao. Kunyamaza si kudanganya.

Kanisa nalo huuliza. Katika ibada ya kupadirisha, Askofu huuliza kama waliochaguliwa wanastahili. Lakini hawajibu wao wenyewe, hujibiwa na mwingine, baada ya Wakristo kuulizwa habari zao. Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati zetu, alipadirishwa mwaka 1917 huko Baudouinville, ndiyo Moba ya leo, kando ya ziwa hili letu. Kabla ya siku ile alipita miaka mingi ya masomo na ya kutazamwa mwenendo. Matayarisho ya namna hii hayafanyiki usiku mmoja kwa karatasi.

Basi nikamwambia yule kijana: «Kuwatafutia wadogo zako ada ya shule si aibu, liseme bila woga. Lakini upo ujira katika kazi nyingi. Kwa nini hii? Kabla ya kuwajibu wakubwa, jijibu mwenyewe.» Katika mtaa wetu yuko bibi mzee asiyeweza kuondoka kitandani. Nikamtuma kwake siku nne, ateke maji, amgeuze, amfulie nguo.

Siku ya tano akarudi. «Mwalimu, siku ya kwanza nilitaka kukimbia. Siku ya tatu bibi aliniita mjukuu wake. Sasa ninalo la kusema, ila ni fupi.»

Nikamwambia alitayarishe vema hilo fupi. Amekwenda, na majibu ya chuo hayajafika. Tumwombee apate nafasi. Na asipoipata, asijute kwamba alisema kweli.