Manaizi Hawajaisha

Kaa hapo, mjukuu wangu, weka hiyo simu chini kidogo. Kugombana siwezi tena, na haya nilishamwambia baba yako kabla wewe hujazaliwa.

Juzi uliniuliza huku unacheka, naizi ni nani. Rika lenu hamlijui neno hilo. Sisi lilikuwa mdomoni kila siku. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, viti vikubwa vya serikali vilikuwa vya Wazungu. Ikaja siasa ya kuwatoa na kuwaweka Waafrika, afrikanaizesheni. Mtaani wakalikata kichwa neno lile, wakabaki na mkia: naizesheni, naizi, manaizi. Mwanzoni halikuwa tusi. Tusi walijitakia wenyewe. Mtu jana yuko Kariakoo na sisi, leo kahamia Oysterbay, Uzunguni, nyumba ina kibanda cha boi uani. Na boi akabaki boi, amri zile zile, sauti ile ile. Hapo ndipo palipouma. Mzungu tulijua mgeni. Huyu alikuwa akila kwetu.

Sisi wengine tukawa makabwela.

Mwalimu Nyerere aliuona ugonjwa huo mapema. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa mshahara uliokatwa, wengine wakidai ukoloni ulikuwa afadhali. Wasomi wetu hao! Akawarudisha makwao mamia, kisha akajipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata Azimio la Arusha likamkataza kiongozi mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Masharti hayo yakaja kulegezwa Zanzibar mwaka 1991, na baadaye tukayaona mashangingi barabarani. Magari, nasema, hao wengine siwataji.

Sasa wewe. Cheo chako nimekifurahia, nimekuombea dua. Lakini jana jioni nilikuwa barazani. Umepiga honi mfululizo, mlinzi anatoka kuswali, kandambili mguu mmoja. Ukamwita "wewe". Ukamrushia funguo ili aoshe gari, zikaangukia mchangani, ukasimama pale pale ukimtazama anavyoinama. Mzee yule ni rika la baba yako, mgongo wake unamsumbua tangu masika. Shikamoo hukumpa.

Utaniambia analipwa. Analipwa alinde na afungue geti, mjukuu wangu. Kuinama mbele yako hakumo katika mshahara ule, na kama kumo, basi hautoshi.

Baba yako alinisikiliza vizuri sana, akaitikia kila neno, kisha akaenda zake akafanya vile vile. Nawe sitakushika mkono. Ila chai bado ipo kwenye chupa. Mmiminie kikombe, mpelekee mwenyewe, usimtume dada. Mwamkie kwanza. Na jina lake nimeona hulijui, kwa hiyo muulize.