Mdai Asiyejua Kudai

Desemba iliyopita nilirudi nyumbani Nungwi nikiwa nadaiwa ngalawa. Mdai wangu ana miaka minane.

Deni nililiingia mwenyewe miaka miwili kabla, pwani, jioni moja watoto walipokuwa wakishindanisha ngalawa zao za kuchezea. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa na miaka sita. Wenzake walikuwa na ngalawa za mbao walizochongewa na baba zao au kaka zao. Yeye alikuwa na karara la mnazi alilolichomekea kijiti na jani. Wimbi la pili likalipindua. Alilia sana, kuliko karara lilivyostahili. Baba yake alikuwa amekwenda Maskati kutafuta maisha, akamwambia atarudi Idi, na Idi ilikuwa imeshapita.

"Nyamaza, mwanangu," nikamwambia. "Likizo ijayo nitakutengenezea ngalawa ya kweli, ya mbao, na tanga lake."

Akanyamaza. Nikahisi nimefanya jambo la maana, ilhali sikuwa nimefanya chochote. Nilikuwa nimesema tu.

Likizo iliyofuata nilibaki Dar es Salaam kwa sababu ya mitihani. Iliyofuata hiyo nilikuwa naandika pendekezo la utafiti. Dada alikuwa akimpa simu, naye ananitumia ujumbe wa sauti: "Mjomba, ushaianza?" Najibu, "Bado kidogo." Siku nyingine, "Mjomba, itakuwa na ndubi zote mbili?" Najibu, "Inshaallah." Kisha akaacha kuuliza. Nilidhani amesahau, na nakiri kwamba nilishukuru.

Muda wote huo nilikuwa nasoma juu ya ahadi. Nachukua shahada ya uzamili ya falsafa, na somo la maadili lilikuwa limefika hapo. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya misingi ya maadili, anatoa mfano wa mtu anayekopa fedha na kuahidi kulipa huku akijua hatalipa. Nikajipima kwa mfano huo, nikajiona salama: mimi sikudanganya, nilinuia kweli. David Hume, mwaka 1740, anaiona ahadi kuwa chombo walichokibuni watu kwa sababu wanahitajiana. Mazao yako yameiva leo, yangu yataiva kesho. Nikusaidie leo, unisaidie kesho. Anayevunja ahadi haaminiki tena, na asiyeaminika huvuna peke yake.

Kwa Hume ndipo nilipokwama. Mpwa wangu hana shamba. Hana cha kunipa kesho wala cha kuninyima. Nikivunja ahadi hawezi kunisusa. Ataendelea kunikimbilia kila nikishuka kwenye gari la 116, na atang'ang'ania kunibebea begi. Ikiwa uzito wa ahadi unatokana na hasara nitakayoipata nikiivunja, basi ahadi kwa mtoto haina uzito. Nikitazama tunavyoishi, naona wengi wetu ndivyo tunavyoamini. Tunasema ahadi ni deni, lakini deni la mtoto tunalilipa tukikumbuka. Tunamwahidi pipi, baiskeli, matembezi ya Forodhani, ili ale, alale, aache kulia. Akishanyamaza, ahadi imemaliza kazi yake.

Nilikuwa na hoja nyingine ya akiba, na nzuri zaidi. Derek Parfit, katika kitabu chake Reasons and Persons cha mwaka 1984, anasema kwamba mtu kubaki yule yule miaka ikipita si jambo la msingi kama tunavyodhani. Kilicho muhimu ni kumbukumbu, nia na tabia zinazomuunganisha wa jana na wa leo, na hizo zaweza kuwa nyingi au chache, kama nyuzi katika kamba. Sasa mtoto hubadilika upesi kuliko sisi. Yule wa miaka sita aliyelilia karara, nikajiambia, hayupo tena. Huyu wa minane anapenda mpira. Mdai ameondoka, na deni limeondoka naye. Hoja hiyo niliiandika katika insha ya darasani, kwa mifano mingine kabisa, nikapata alama nzuri.

Kilichonirudisha si kitabu. Nilimpigia dada kumwambia nakuja, nikamuuliza nimletee nini mtoto. Akanyamaza kidogo. "Njoo tu," akasema. "Ila nakuomba, usimwahidi kitu tena."

Nungwi ni kwa mafundi wa vyombo, kwa hiyo mbao haikuwa tabu. Fundi mmoja jirani yetu alinipa kipande cha mwembe, mti ule ule ambao ngalawa zetu za kweli huchongwa, urefu wa futi moja na nusu, akaniazima na tezo ndogo. Nilidhani ni kazi ya siku moja. Asubuhi ya kwanza, kwa pupa, nilitoboa ubavu. Fundi akakitazama kipande, akakiweka chini. "Kubwa ikivuja utaitia kalafati," akasema. "Hii ndogo hata pamba haina pa kukaa. Pole pole, mwanangu." Akanipa kipande kingine.

Siku ya pili nilichimba tumbo. Siku ya tatu nilikata matengo, ile miti miwili inayokatiza juu ya ngalawa, na ndubi, mbao zinazokaa majini kila upande ili isipinduke, nikazifunga kwa uzi wa nyavu. Siku ya nne nikasimamisha mlingoti, nikachonga foromali ya kubebea tanga. Vidole vilikuwa vimejaa malengelenge. Kila nilipochoka nilikumbuka kwamba kazi yote hii niliwahi kuitamka kwa pumzi moja.

Kitambaa cha tanga nilikuwa nimekinunua Kariakoo, cha buluu. Nilipokitoa, dada akatikisa kichwa. "Tanga analo."

Kumbe wiki ile ile niliyoahidi, mtoto aliomba kipande cha kanzu kuukuu ya baba yake. Akakikata pembe tatu, bibi yake akampindia kingo kwa sindano, akakitia katika mfuko wa plastiki na kukiweka chini ya godoro. Kilikaa hapo miaka miwili. "Usimwambie kama nimekwambia," dada akasema.

Hoja yangu ya nyuzi ikanigeukia. Kama nyuzi ndizo zinazomfanya mtu abaki yule yule, basi kungoja nako ni uzi, na mpwa wangu hakuuachia. Yule wa miaka sita alikuwepo. Aliyekuwa amebadilika ni mimi. Na pale nilipodhani hana cha kunipa, nilikosea vile vile, kwa sababu alikuwa ameshanipa. Mtu mzima ukimwahidi hujilinda: anadai, ananuna, anatafuta njia nyingine, pengine hakuamini tangu mwanzo. Mtoto hana mlango huo. Anakuamini mara moja na kwa ukamilifu, kisha anakaa kungoja, na kungoja ndiyo mali pekee aliyonayo. Analipa kwanza. Ndiyo maana sasa naamini ahadi kwa mtoto ni deni zito kuliko la mtu mzima: yeye ameshatoa, na hana nguvu ya kudai.

Nilipompa ngalawa, alisema, "Ahsante, mjomba," kwa adabu, na adabu ile iliniuma. Akaingia ndani, akatoka na tanga lake. Lilikuwa kubwa mno. Lilizidi foromali kwa zaidi ya shubiri. Alikuwa amelikata kwa ngalawa aliyoiona kichwani siku ile niliposema "ya kweli". Hakusema kitu. Alilikunja ukingo mmoja, akalikunja tena, akalifunga.

Maji yalikuwa yamekupwa, tukaenda kwenye kidimbwi kilichobaki. Ngalawa yangu ililalia upande. Akaokota kokoto mbili, akaziweka ndani, moja akaisogeza nyuma kidogo. "Farumi," akanieleza, kama anayemfundisha mgeni. Upepo wa kaskazi ukalijaza tanga, nayo ikaenda. Akaifuata mbio, na nikamsikia akicheka.

Sikumuuliza kama amenisamehe. Hilo si swali la kumtwika mtoto. Nadhani ngalawa nimeilipa. Miaka miwili sijailipa, wala sioni nitakavyoilipa.

Tulipokuwa tunarudi, dada yake mdogo, wa miaka minne, akanivuta shati. "Na mie, mjomba?"

Neno lilishafika mdomoni: inshaallah. Kwetu neno hili ni kukiri kwamba kesho haiko mikononi mwetu. Mimi nilikuwa nimeligeuza mlango wa uani wa kutorokea. Nikalimeza. Nikamwambia kwamba naondoka Jumamosi, siku mbili tu zimebaki. Kipande kile nilichokitoboa bado kipo. Upande wake mzima unatosha mtumbwi mdogo, bila tanga, bila ndubi. Nikamwonyesha urefu kwa mikono.

Akaitazama mikono yangu kwa muda.

"Mdogo," akasema.

"Ndiyo, mdogo."

"Haya." Akaketi mlangoni kungoja. Nikaenda kuchukua tezo.