Ndoo ya Maji Msikitini: Adabu ya Kuwakabili Waharibifu wa Wikipedia

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake. Ama baad.



Wengi wetu tukipewa kazi ya darasani, tunakimbilia kwanza Wikipedia. Kamusi elezo hii ilianzishwa Januari 2001, na ile ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Yeyote mwenye simu na intaneti anaweza kufungua makala akaongeza au akafuta. Mwenye nia njema na mwenye nia mbaya wanapita mlango mmoja. Huyu anafuta makala nzima na kuacha tusi, yule anabadilisha mwaka au jina kimyakimya, na mwingine anarudisha sentensi yake kila inapoondolewa. Je, Mwislamu akikuta uharibifu huo, hasa katika makala inayohusu dini yake, afanye nini?

Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha bedui aliyeingia katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) akaanza kukojoa humo ndani. Masahaba wakamjia juu. Mtume (s.a.w.) akawazuia, akaagiza aachwe amalize. Kisha akaamuru iletwe ndoo ya maji, ikamwagwa pale palipochafuka. Katika riwaya ya Anas (r.a.), alimwita yule bwana akamfahamisha kwa upole misikiti ni ya kazi gani.

Tazameni mpangilio wake. Kwanza, hasira ilizuiwa. Wanachuoni wanaeleza kwamba lau angekatizwa, angedhurika mwenyewe, na najisi ingetapakaa mahali pengi zaidi. Pili, najisi haikuachwa, ilisafishwa palepale. Tatu, mkosaji alifundishwa, kwa sababu alikuwa hajui.

Wikipedia nayo ina ndoo yake. Kila makala ina historia inayohifadhi mabadiliko yote, nani kafanya nini na saa ngapi. Mtu akifuta kazi ya miaka mitatu, unaweza kuirudisha kwa dakika moja. Basi matusi ya nini? Safisha, andika sababu kwa ufupi, kisha mwandikie mhusika kwenye ukurasa wake wa majadiliano. Huenda ni kijana wa sekondari anayejaribu tu vitufe. Suratul Hujurat, aya ya 12, inatuamrisha kujiepusha na dhana nyingi, na aya ya 6 inatutaka tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Wikipedia yenyewe inawataka wahariri wake wadhaniane nia njema mpaka vitendo vionyeshe vinginevyo.

Lakini upole si udhaifu. Suratut Tawba, aya ya 107, inataja msikiti uliojengwa kwa ajili ya madhara. Kwa nje ulikuwa msikiti, ndani yake ulikuwa mpango wa kuwagawa waumini. Mtume (s.a.w.) alikatazwa kusimama humo, na jengo likabomolewa. Aliyeonywa mara kadhaa naye bado anaendelea, huyo si bedui tena. Mfikishe kwa wasimamizi, ambao Wikipedia ya Kiswahili inawaita wakabidhi. Wao wanaweza kumfungia asihariri, au kuukinga ukurasa kwa muda. Wewe usijipe ukadhi. Katika Wikipedia ya Kiingereza, anayetengua kazi za wenzake zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24 anaweza kufungiwa, hata kama hoja yake ni sahihi.

Ndugu zangu, sasa tujitazame sisi wenyewe. Makala ya Kiingereza kuhusu Mtume (s.a.w.) ina picha zilizotoka katika vitabu vya zamani vya Waajemi na Waturuki. Zimewaumiza Waislamu wengi. Mwaka 2008 maelfu walitia sahihi ombi la kuziondoa, na wengine wakawa wanaingia na kuzifuta. Zikirudishwa, wanafuta tena. Ukurasa ukafungwa kwa wahariri wapya, na picha zikabaki. Aliyefuta alihesabiwa pamoja na waharibifu, na uchungu wake, ambao ulikuwa wa haki, haukupata msikilizaji. Mahali pa kuusema ulikuwa ukurasa wa majadiliano, kwa hoja na kwa subira.

Wengine wanaongeza habari wasizo na ushahidi nazo ili Uislamu upendeze. Elimu ya hadithi inatukumbusha Nuh bin Abi Maryam, anayesimuliwa kuwa alitunga hadithi za fadhila za sura za Qur'an. Udhuru wake ulikuwa kwamba watu wameiacha Qur'an wakashughulikia fiqhi ya Abu Hanifa na maghazi ya Ibn Ishaq. Wanachuoni hawakuupokea udhuru huo, wakamweka miongoni mwa wazushi. Dini ya haki haihitaji kutetewa kwa uongo, na anayeichafua makala kwa kuipenda dini ameichafua vilevile.

Basi jumuiya yetu ifanye jambo. Baada ya sala ya Ijumaa, watu watano wakae na vitabu vya maktaba, wachukue makala moja ya Kiswahili kuhusu historia ya Uislamu nchini kwetu, waisahihishe na kutaja chanzo cha kila habari. Wakikuta uchafu, ndoo wanayo.

Tena tukumbuke, hata asiyejisajili anaacha alama katika historia ya makala. Suratu Qaf, aya ya 18, inatufundisha kwamba kila neno tulitamkalo lina mwangalizi aliye tayari. Historia hiyo hakuna mkabidhi awezaye kuifuta.

Allah (s.w.) atujaalie vidole vyetu viwe mashahidi wetu wala visiwe mashahidi dhidi yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.