Mwalimu, Simu, na Mtoto Asiye na Simu



Tulikuwa Masaka, katika wilaya ya Kicukiro, upande wa mashariki wa mji wa Kigali, kutembelea familia zetu zilizopanga nyumba huko. Katika nyumba moja tulimkuta binti wa kanisa letu anayesomea ualimu. Wakati ule alikuwa katika mazoezi ya kufundisha, darasa la tano la shule ya msingi. Alitupokea vizuri, lakini uso wake haukuwa na raha. Tulipomwuliza sababu akajibu, "Pasta, nimemwadhibu mtoto kwa kosa la umaskini."

Habari yenyewe ni hii. Alikuwa akituma kazi za nyumbani kwa simu, katika kundi la WhatsApp la wazazi. Mtoto mmoja alifika siku tatu mfululizo bila kazi, na siku ya tatu mwalimu akamsimamisha mbele ya wenzake. Mtoto hakujitetea. Jioni binti yetu alimfuata mpaka kwao. Alimkuta bibi kizee na simu ndogo ya tochi isiyoonyesha picha. Mama wa mtoto anauza mboga mjini na hurudi usiku. Namba iliyoandikwa shuleni ilikuwa ya jirani aliyekwisha kuhama. Yule bibi alisimama akamwomba mwalimu msamaha. Binti yetu akatuambia, "Mimi ndiye mwenye kosa, na mzee ndiye aliyeomba msamaha."

Basi tunauliza: mwalimu akitoa kazi ambayo mtoto hawezi kuifanya bila chombo asichokuwa nacho, ametenda haki?

Wako watakaosema kwamba dunia haimngojei mtu, na mtoto asiyejua kompyuta leo atakuwa mtumwa wa wenzake kesho. Neno hili tusilidharau. Mwaka 2008 Rwanda ilianza kuwagawia watoto wa shule za msingi kompyuta ndogo katika mpango ulioitwa One Laptop per Child, na nia yake ilikuwa njema: chombo kilipelekwa kwa mtoto shuleni, bila kuuliza baba yake ana nini. Sisi tuliofika Kiziba mwaka 1996 tukiwa vijana, tunaokumbuka kugawana daftari moja watu wawili, hatuwezi kuwa maadui wa vyombo vya kujifunzia.

Lakini kuna tofauti kubwa hapa. Kompyuta iliyo darasani ni ya wote, hata ikiwa moja kwa watoto hamsini, kwa maana kila mtoto ataiona. Simu iliyo nyumbani ni ya mwenye nayo, mwenye chaji na mwenye fedha ya kununua mega. Siku mwalimu anapohamisha somo kutoka darasani kwenda katika simu, amelitoa mahali pa wote akalipeleka mahali pa wachache. Halafu anatoa alama, na alama hizo hazipimi tena akili ya mtoto, zinapima mfuko wa mzazi. Wazee walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Binti yetu alikua na njaa hiyo, na bado simu moja tu ilitosha kumsahaulisha.

Tusimhukumu, kwa sababu nasi tulifanya hivyo hivyo. Machi 2020, shule na makanisa ya Rwanda yalipofungwa kwa sababu ya korona, watoto waliambiwa wasome kwa redio na televisheni, nasi tukaanza kutuma mahubiri kwa simu. Tulijisifu kwamba neno linafika kila nyumba. Tulipofungua tena, mama mmoja mjane alituuliza kwa upole, "Mwanangu, kanisa lilihamia ndani ya simu?" Miezi yote ile hakusikia hata wimbo mmoja, na hakuna kati yetu aliyebisha hodi kwake. Hatukuwa na jibu.

Kuna jambo la pili, nalo linawahusu wazazi. Mwaka huohuo wa 2008 iliamuliwa Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa katika kufundishia. Wengi wetu tulisoma Kongo kwa Kifaransa, na wengine hawakusoma kabisa. Mtoto akileta daftari la Kiingereza tunaona haya, tunasema, "Kamwulize mwalimu." Lakini mama wa binti huyu hakujua kusoma. Kila jioni kambini alimwambia, "Nisomee," kisha akamwambia, "Sasa nieleze kwa lugha yetu." Binti asiyeelewa alikwama katika kueleza, na mama akajua. Timotheo naye, kabla ya kukutana na Paulo, alikuwa na bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Mashine inaweza kumwonyesha mtoto mambo mengi kuliko mama yule, lakini haitagundua kwamba leo amenyamaza kwa aibu.

Binti yetu alirudi akamwomba mtoto msamaha mbele ya darasa lilelile. Tangu siku hiyo aliandika kazi ubaoni, watoto wakanakili, na sharti likawa moja: mweleze mtu wa nyumbani ulichojifunza, kwa lugha yoyote. Picha za kompyuta aliendelea kuzionyesha darasani, mbele ya wote. Msimamizi wake alimpunguzia alama, akaandika kwamba kazi za nyumbani hazitumii teknolojia. Alituonyesha karatasi ile. Kwa mwanafunzi anayetafuta cheti hiyo ni hasara ya kweli, wala hatukumwambia kwamba si kitu. Tulimwambia tu kwamba kuna alama ambazo mtu huzipoteza ili asipoteze mtoto.

Ndugu wapendwa, tunaomba mambo mawili. Mwenye simu kubwa amwite mtoto wa jirani asiye nayo, wafanye kazi pamoja. Na kila mzazi, aliyesoma na asiyesoma, aseme jioni hii, "Mwanangu, nisomee." Sisi wachungaji tutaanza kwa kubisha hodi kwa yule mama mjane.

Bwana awabariki.