JUMANNE: Asiyeweza Kusema Uongo

Soma Yeremia 32:17, Tito 1:2 na 2 Timotheo 2:13. Fungu la kwanza linasema hakuna jambo gumu kwa Bwana. Mawili yanayofuata yanataja mambo asiyoweza. Je, mafungu haya yanapatanaje?

Vijana wa Shule ya Sabato hupenda kuuliza: Je, Mungu aweza kuumba jiwe zito kiasi kwamba Yeye mwenyewe asiweze kuliinua? Ukijibu ndiyo, umemnyima nguvu za kuinua. Ukijibu hapana, umemnyima nguvu za kuumba. Mara nyingi swali hili ni utani tu. Lakini chini yake kuna swali jingine ambalo si utani hata kidogo.

Fikiria Mto Mara. Hutoka Mau, Kenya, hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kisha hupita kati ya wilaya za Tarime na Serengeti ukielekea Ziwa Viktoria. Mungu aweza kuusimamisha? Aliusimamisha Yordani wakati wa mafuriko (Yoshua 3:15, 16). Aweza kuurudisha Mau? Bila shaka. Je, aweza kuufanya uende ziwani na usiende ziwani, wakati uleule, mahali palepale? Hapo hakuna kazi iliyotajwa. Ni maneno yaliyopangwa yakafanana na swali. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, alilieleza hili vizuri: jambo linalojikanusha lenyewe si jambo, basi kutolifanya si udhaifu. (Kuhusu hali ya wafu Waadventista hawakubaliani naye, lakini hapa alisema sawa.) Jiwe lile nalo ni la namna hiyohiyo.

Paulo anakwenda mbali zaidi. Mtu husema uongo kwa sababu ya hofu au tamaa, na hakuna hofu wala tamaa inayomsukuma Mungu. Kutoweza huku ndiko kunakofanya ahadi zake zitegemewe.

Sasa mfikirie mama muumini huko Busawe, mwezi wa Desemba, msimu wa ukeketaji. Tangu mwaka 1998 sheria inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, ila ukoo una kauli yake, na mume amekwisha kupokea neno la wazee. Mama anafunga na kuomba Mwenyezi aubadilishe moyo wa mumewe usiku huo. Kunakucha, mume ni yuleyule. Je, Mungu ameshindwa?

Hapa majibu ya haraka huumiza. Kumwambia mama kwamba imani yake ni haba ni kumwonea. Kumwambia kwamba Mungu alipanga binti akeketwe ni kumsingizia Mungu. Mungu hulia mlangoni pa moyo wa mume, humsumbua dhamiri, humkosesha usingizi; lakini hiari iliyolazimishwa ni kama ule mto unaokwenda na usiokwenda. Ndiyo maana pambano kuu halikumalizwa kwa pigo moja, na Yesu hakuita majeshi ya malaika aliyoweza kuyaita (Mathayo 26:53).

Lakini kwa nini asiuzuie mkono tu, hata kama moyo umekataa? Wakati mwingine huuzuia, kama alivyomzuia Abimeleki (Mwanzo 20:6). Kwa nini si kila mara? Ayubu aliuliza kwa sura nyingi, akamwona Bwana, wala hakupewa sababu.

Soma Kutoka 2:1-10. Miaka mingi kabla ya Bahari ya Shamu kugawanyika, nguvu za Mungu zilipita katika kisafina cha mafunjo, mama aliyekisuka, dada aliyesimama mbali akitazama, na binti wa mfalme aliyevunja amri ya baba yake. Mugumu kuna nyumba salama inayowapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji. Kutoka Busawe ni safari, na msichana hawezi kuifunga peke yake usiku.

Kama mama huyo ameketi katika darasa lako Sabato hii, utamwambia nini? Na ni nani darasani angeongozana na binti yake hadi Mugumu?