Ndege ya Vita Mkononi mwa Mtoto

Wapo wasemao kuwa ndege ndogo ya kivita ya chuma, ya kupanga kabatini, humzoeza mtoto mauaji. Mimi naona itengenezwe nyingine mpya: MiG-21 ya jeshi letu, iliyoruka katika Vita vya Kagera. Mtoto wa huku Usambara ukimnyima, ataiunda kwa bua la mahindi, tena bila maelezo yoyote. Afadhali apewe pamoja na habari zake. Machi 1979 ndege ya Libya ilitumwa kuupiga mji wa Mwanza. Mabomu yakaangukia Saa Nane, yakaua swala kadhaa. Wanafunzi wangu walikuwa wakicheka waliposikia habari za swala. Ndipo nikiwauliza: rubani alikuwa amemlenga nani?